Mtoto yuko Kisauni, babake yuko Leicester: kesi ya masurufu ilivyokwenda mpaka pesa ikaanza kuingia

Kisa hiki ni cha mdogo wangu wa kike na amenipa ruhusa nikieleze chote ila majina niyaache, kwa hivyo nitamwita mdogo wangu na mumewe nitamwita shemeji, ingawa sasa si shemeji tena. Naeleza manake kila mara nakutana na mama ambaye baba wa mtoto yuko ng'ambo, pesa hazitumwi, na hajui aanzie wapi, wengi wameambiwa tu "huyo keshaenda, muachie Mungu." Mungu tunamtegemea lakini na korti ipo, na sisi tulipoteza miezi mingi kwa kutojua mlango ni upi.

Walioana hapa Mombasa, mtoto wa kike alizaliwa 2016. Shemeji alikuwa muuguzi msaidizi kwenye kliniki moja, mshahara mdogo, na 2022 Uingereza ilipofungua viza kwa watu wa kutunza wazee akachangamkia kama vijana wengi wa hapa. Ejenti alilipwa, pesa nyingi ya mkopo, sehemu ilitoka kwa mamake aliyeuza kipande cha shamba kule Kilifi. Oktoba 2022 akaondoka akafikia Leicester kwenye nyumba ya wazee. Mpango wao ulikuwa akae mwaka mmoja, atulie, kisha amchukue mke na mtoto. Na kusema kweli mwanzo alikuwa mzuri, mwezi haukupita bila elfu arubaini, mara nyengine arubaini na tano, mtoto akahamishwa skuli nzuri, akawa anaongea na babake kila Ijumaa.

Kilichovunja mambo ni tarehe 11 Machi 2024. Siku hiyo Uingereza ilianza kuzuia wafanyakazi wapya wa kutunza wazee wasilete mke wala watoto kwa viza zile. Waliokuwa na viza zile kabla ya siku hiyo, kama shemeji, bado waliruhusiwa, lakini sisi habari ilitufikia kama mlango umefungwa kwa wote, na shemeji alikuwa bado anakusanya pesa za maombi. Mdogo wangu alilia siku mbili. Nafikiri na yeye kule alivunjika moyo, manake kuanzia hapo simu zikapungua, pesa ikawa thelathini, kumi na tano, tano, halafu mwezi wa tano hakuna kitu, wa sita hakuna. Tukaja kusikia ana mtu mwengine kule. Talaka ilikuja baadaye na mambo ya talaka yalikwenda kwa Kadhi, sitayaingiza hapa manake mtoto ana haki yake awe mamake ameachwa au hajaachwa.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kikao. Sisemi vikao vya wazee ni vibaya, kwetu ndivyo mambo yanavyosuluhishwa, lakini kikao kinafaa ukijua kina mwisho. Tulikaa kwa kina shemeji, ami zake wawili wakaja, shemeji akawekwa kwenye simu kwa sauti akasema "nitatuma elfu thelathini kila mwezi, wallahi, nipeni muda tu." Watu wakasoma dua wakatawanyika. Hakuna aliyeandika kitu. Mwezi uliofuata akatuma nane, uliofuata hakutuma, na kila tukisema twende korti mamake analia, "mwanangu, mtamfukuzisha kazi, deni la shamba nitalipa na nini." Basi tunangoja. Nasema hili kwa uchungu manake mwishowe hakimu hakutupa hata shilingi ya ile miezi ya nyuma, alihesabu kuanzia tulipopeleka kesi. Kila mwezi tuliokaa kumuonea haya bi mkubwa ni mwezi aliolipa mtoto.

Kosa la pili tulidhani kwa kuwa pesa iko Uingereza basi kesi nayo ni ya Uingereza. Binamu yetu anaishi London, akapiga simu Child Maintenance Service, ile idara ya serikali yao inayokokotoa na kukusanya pesa za watoto. Tulikuwa na matumaini makubwa, tumeshasikia wanawake wakisema "kule serikali inamkata mwanamume kabla hata hajaona mshahara." Akajibiwa kwa adabu kwamba hawawezi kulipokea jambo hilo, manake idara ile ni ya mtoto anayeishi Uingereza na mzazi anayemlea awe anaishi Uingereza. Mtoto akiwa Kisauni hapa Mombasa basi kwao hiyo faili haifunguki, hata baba awe mlango wa pili na ofisi yao. Ni sheria yao hivyo na walisema ukweli, lakini siku ile mdogo wangu aliona kama dunia imefungwa.

Haikuwa imefungwa, ila njia inaanzia huku. Loya tuliyempata, mama mmoja mtu mzima anayeshika sana kesi za watoto, alitueleza kwa maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka: oda inatoka alipo mtoto, lakini anayeibana ni korti ya alipo baba. Kenya na Uingereza zina mapatano ya kutekelezeana oda za masurufu. Upande wa Uingereza kuna sheria ya 1972 ya kutambua oda za nchi walizokubaliana nazo na Kenya imo kwenye orodha, upande wetu kuna sheria yetu ya kutekeleza oda za matunzo, ile Cap 154, yaani sura ya 154 ya sheria za Kenya, ya zamani lakini ipo. Na haki yenyewe ya mtoto iko kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 53, kwamba mama na baba wana jukumu sawa la kumlea mtoto wawe wameoana au hawakuoana, halafu Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo inayoeleza kesi yenyewe inakwendaje. (Walioko Tanzania msichukulie kisa chetu kizimakizima. Tanzania Bara imo kwenye ile sheria ya 1972 kama sisi, lakini Zanzibar imebaki kwenye sheria yao nyengine ya zamani zaidi, ya 1920, na Uganda vilevile, kwa hivyo mama wa Unguja na mama wa Tanga makaratasi yao hayafanani hata kama baba zao wanalala chumba kimoja London.)

Sasa loya akauliza swali moja: "Mtoto anatumia ngapi kwa mwezi?" Mdogo wangu akasema kama elfu hamsini hivi. Loya akaweka kalamu chini. "Kama hivi sitaki, nenda kaandike."

Akarudi baada ya wiki tatu na daftari la skuli, lile la kurasa tisini na sita, jalada limeshaanza kukunjika pembeni kwa kutiwa mkobani. Ndani kila siku ina mstari wake. Maziwa 60. Tuktuk ya skuli 150. Inhela ya pumu, na risiti imebandikwa kwa gundi pembeni. Madrasa 700. Viatu vya skuli, ameandika 2,400 halafu amekata akaandika 1,900 manake muuzaji alimpunguzia, na mimi nikamuambia hata ule mkato usiufute, ndio unaoonyesha hukukaa siku moja ukabuni. Alipojumlisha kwa mwezi, akagawanya karo ya mwaka mzima kwa miezi kumi na miwili, akahesabu nusu tu ya kodi ya nyumba kwa sababu na yeye anaishi humo, ikatoka elfu thelathini. Siyo hamsini. Chakula elfu tisa, kodi sita, karo sita, tuktuk tatu, umeme maji na gesi elfu mbili na mia tatu, dawa elfu na mia tano, nguo elfu na mia tano, madrasa mia saba. Mwenyewe anauza kwenye duka la vitambaa mjini anapata elfu kumi na nane. Lile daftari ndilo lililoibeba kesi nzima, nawaambia, kuliko maneno yote tuliyoyasema kortini.

Upande wa pesa alizokuwa akituma tulitoa stetmenti ya M-Pesa tangu 2022. Hapo naomba msikilize vizuri, manake watu wengi wanakwenda na skrinshoti kwenye simu wanadhani yatosha. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti, yaani mtu aliyetoa yale makaratasi kwenye simu au kompyuta athibitishe kwa sahihi yake ametoa kwenye kifaa gani na kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Ni karatasi moja tu lakini usipokuwa nayo, loya wa upande wa pili anaweza kuinuka akaomba jumbe zako zote zitupwe. Na usiondoe zile zinazomsifu. Mdogo wangu alitaka kuficha ile miaka ya mwanzo aliyokuwa akituma vizuri, loya akakataa kabisa, akasema hizo ndizo zinazoonyesha anaweza. Kweli, mtu aliyetuma arubaini kwa miezi kumi na saba mfululizo hawezi kuapa kwamba tano ndiyo nguvu yake.

Kesi ikaingia Agosti 2024. Halafu likaja lile tatizo la kumfikishia karatasi mtu aliye nje ya nchi. Lazima uombe ruhusa ya korti kwanza, kisha njia ni kadhaa, na tangu kanuni zilivyobadilishwa 2020 imeruhusiwa kwa imeli na kwa jumbe za simu kama WhatsApp, mradi iwe ile namba anayoitumia kweli. Tulituma kwa vyote viwili. Shemeji alikuwa amezima zile tiki za buluu, kwa hivyo tulikaa sebuleni watu wanne tunaitazama simu ya karani wa loya, tiki moja, tiki moja, kumbe pengine yuko zamu simu ameifunga kabatini, mpaka saa nne usiku zikawa mbili za kijivu. Kijivu yatosha, inayotakiwa ni imefika, si lazima ionyeshe amesoma. Karani akachapisha ule ukurasa, akaapa, ikaingia kwenye faili. Siku tatu baadaye shemeji akapiga kwa hasira, "Dada, ndio mmefika huku?" Nikamjibu kwa upole, "Baba, tumekuomba miezi mingapi? Njoo useme na wewe, utasikilizwa."

Na alisikilizwa, hilo nataka liandikwe. Kesi ikatajwa kwa video, akatokea kwenye skrini akiwa ndani ya gari, amevaa ile nguo ya kazi ya rangi ya zambarau, kioo cha gari kimejaa mvuke, nyuma yake giza ingawa kwetu ilikuwa asubuhi na jua limeshatoka. Amechoka, macho mekundu, alikuwa ametoka zamu ya usiku. Mdogo wangu alimuangalia kidogo halafu akainamisha kichwa. Shemeji akaeleza hali yake: mshahara wa kima cha chini, chumba cha kupanga, basi, deni la ejenti. Hakimu akamuambia aapishe hati ya mapato na aambatanishe karatasi za mshahara za miezi mitatu. Alipozileta ndipo hesabu ikaonekana wazi na nitaiweka hapa manake watu wakisikia Uingereza wanadhani pauni zinaokotwa.

Kima cha chini mwaka ule kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Saa 39 kwa wiki ni kama pauni 446, kwa mwaka elfu 23 na mia mbili hivi. Ukitoa kodi na bima yao anabaki na karibu pauni 1,685 kwa mwezi. Kwa bei ya wakati ule, pauni kwa shilingi 165, ni kama laki mbili na elfu sabini na nane. Hapo ndipo ndugu zangu wakaanza kusema "laki mbili na sabini, na hata elfu tano hatumi!" Mimi nikawaambia tulizeni roho, chumba ni pauni 450, chakula, usafiri, deni, kule hakuna anayepika chungu kimoja cha watu sita. Ana uwezo, lakini hana utajiri, na kesi ya masurufu ukiiendesha kwa hasira ya utajiri usiokuwepo utapata oda ambayo haitalipika, na oda isiyolipika ni makaratasi.

Loya akafanya kitu cha busara. Ile idara ya Uingereza iliyotukataa ina fomula yake, mtoto mmoja kwa mshahara kama ule ni asilimia 12 ya mapato kabla ya makato. Kwa shemeji ingekuwa kama pauni 53 na nusu kwa wiki, yaani karibu 232 kwa mwezi, kama elfu thelathini na nane za kwetu. Fomula ile haikutuhusu kisheria, hakimu wa hapa anaangalia mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi wote wawili, lakini ilitusaidia kama mizani. Tulikuwa hatuombi hata kile ambacho angelipa mtoto angekuwa Leicester. Shemeji alikuwa amesema atalipa elfu kumi. Hakimu kwanza akatoa oda ya muda, kumi na tano, Oktoba, ili mtoto asikae njaa kesi ikiendelea, na Januari 2025 akatoa oda kamili: elfu ishirini na tano kila mwezi, kabla ya tarehe tano, kwenye namba ya M-Pesa ya mama.

Kuna jambo moja kwenye ile oda ambalo nusura litupite na ningeomba kila mama alishike. Kawaida ya korti zetu ni kugawa majukumu, baba alipe karo na matibabu, mama alipe chakula na nyumba. Kwa wazazi waliopo Mombasa wote haina neno, ukiona hajalipa karo unarudi kortini kesho. Hakimu alikuwa anaelekea huko huko. Loya akasimama akaomba karo iingizwe ndani ya namba moja ya kila mwezi. Sababu ni kwamba korti ya kigeni inajua kudai pesa iliyoandikwa, kiasi hiki, kila baada ya muda huu. Ukiwapelekea karatasi inayosema "baba atalipa karo" watauliza karo ngapi, ya skuli ipi, inabadilika lini, nani anathibitisha, na wewe uko huku. Andikeni namba. Hata ikitoka ndogo kidogo kuliko mlivyotaka, namba inasafiri.

Jengine ni kwamba kwa kuwa shemeji alikuja mwenyewe akajitetea, oda yetu ilikuwa kamili. Angekataa kutokea kabisa tungeweza kuishia na oda ya awali tu, ambayo haina nguvu mpaka korti ya kule imuite, imsikilize, ndipo iithibitishe au iikatae au ibadilishe kiasi. Si mwisho wa dunia, njia ipo, ila inakuwa kama kusikizwa mara ya pili na wewe haupo. Kwa hivyo wale wanaofurahi baba asipotokea, "atahukumiwa bure," fikirini tena. Mwiteni aje.

Basi alilipa Februari, akalipa Machi, Aprili kimya. Mei kimya.

Hapo familia ikagawanyika. Kaka yetu mkubwa alikuwa ameshapata imeli ya ile nyumba ya wazee na amekwisha andika barua, kwamba mfanyakazi wenu ni mtu mbaya ametelekeza mtoto, na nakala aipeleke uhamiaji wafute viza. Nilimzuia mpaka tukakosana wiki nzima. Viza ile imefungwa kwa mwajiri. Akifukuzwa, kwa kawaida anapewa siku 60 atafute mwajiri mwengine mwenye leseni au aondoke, na wakati ule waajiri wa hivyo walikuwa wanapungua. Akirudishwa Mombasa hana kazi na ana deni, ile oda ya elfu ishirini na tano itakatwa kwenye nini? Mshahara wake ndio kitu pekee ambacho korti ingeweza kukishika, na sisi tulikuwa tunataka kuuua kwa mikono yetu. Na kando ya hayo ni babake mtoto. Mtoto anamuuliza kila Ijumaa. Barua ikafutwa.

Tukarudi kwa loya na Juni makaratasi yakaanza safari. Mama hatumi mwenyewe, hilo ndilo la kujua, yanatoka kortini yanapita serikalini yanakwenda kwa serikali ya kule. Yanatakiwa nakala ya oda iliyothibitishwa na korti, cheti kwamba oda bado inafanya kazi, hesabu ya deni iliyotiwa sahihi, na kila unachojua kuhusu baba: anuani, mwajiri, tarehe ya kuzaliwa, na picha. Picha ilitupa tabu. Za harusi zilikuwa nyingi lakini kwenye zote ana kilemba na joho, nusu ya uso imefunikwa na maua. Mwisho tukapata moja aliyomtumia mtoto mwenyewe, amesimama kwenye theluji nje ya nyumba anayoishi, anacheka, ameinua mikono juu, na namba ya mlango inaonekana nyuma yake. Mtoto alikuwa ameibandika ukutani juu ya kitanda chake. Mdogo wangu aliibandua usiku mtoto amelala, akaenda kuitoa nakala asubuhi, akairudisha palepale kabla mtoto hajatoka skuli.

Anuani ndiyo dhahabu ya kesi hizi. Kwa England na Wales makaratasi yanapokelewa na kitengo kinachoitwa REMO, kiko chini ya ofisi ya Official Solicitor kule London, wao wanaangalia baba anaishi wapi ndipo wanapeleka kwenye korti ya familia. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana ofisi zao, kwa hivyo baba akihamia Glasgow unatakiwa ujue. Katikati ya kungoja shemeji alihama mtaa, na tulijua kwa sababu tu bi mkubwa, mamake mwenyewe, alikuja nyumbani siku moja akaweka karatasi mezani yenye anuani mpya. Hakusema kitu kirefu. "Huyu ni damu yangu na yule ni damu yangu," kisha akaomba maji. Namshukuru mpaka leo, manake lile jambo lilimkata.

Oda ikasajiliwa Novemba. Na hapa kuna lile la pesa kubadilishwa ambalo wengi hawalijui. Oda ya shilingi ikisajiliwa Uingereza inageuka kuwa ya pauni kwa bei ya siku ile ya usajili, na inabaki hapo. Kwetu pauni ilikuwa kama shilingi 170, elfu ishirini na tano ikawa pauni 147. Kuanzia siku hiyo shemeji anadaiwa pauni 147, shilingi ipande au ishuke. Ukiwa na bahati shilingi ikishuka unapata zaidi. Lakini fikirini mtu aliyesajili Januari 2024 pauni ilipokuwa imefika mia mbili na kidogo: elfu ishirini na tano ile ingekuwa kama pauni 122, na kufika Juni mwaka uleule shilingi ilishapata nguvu, pauni iko mia sitini na kitu, pale mama anapokea kama elfu ishirini tu na oda yake bado inasema ishirini na tano. Hamna aliyemuibia, ndivyo sheria inavyohesabu. Ikipungua sana inabidi kurudi kortini kuomba oda ibadilishwe.

Shemeji alipoitwa na korti ya kule akaeleza kwamba alisimamisha pesa kwa kuwa alidhani oda ya Kenya haimgusi. Nadhani alikuwa mkweli, watu wengi kule wanadanganyana hivyo hivyo. Korti ikaagiza mwajiri akate kwenye mshahara moja kwa moja, pauni 147 za kila mwezi, na pauni 25 juu yake kwa ajili ya deni. Mwisho wa Januari pesa ya kwanza ikaingia. Mdogo wangu alikuwa dukani anapima kitambaa cha mteja, akaniletea simu niisome mimi kwanza manake mikono ilikuwa inatetemeka.

Tangu pesa ianze kukatwa huko shemeji amerudi kupiga simu Ijumaa. Sijui ni aibu imeondoka au ni nini, lakini wakati anadaiwa alikuwa hapokei hata mtoto akimpigia, na sasa wanaongea nusu saa. Mdogo wangu anaitoa simu ampe mtoto halafu anaenda zake jikoni.

Usiku ule wa pesa ya kwanza alitoa daftari jipya, la zamani limejaa. Ukurasa wa kwanza akaandika tarehe na 147. Ukurasa wa mwisho akaandika deni lililosajiliwa: miezi minane, Aprili mpaka Novemba, pauni 1,176. Akatoa 25. Akaniuliza kwa mwendo huu litaisha lini, nikapiga hesabu kwenye simu, miezi arubaini na saba. Akahesabu kwa vidole umri wa mtoto, akaandika pembeni kwa penseli, "miaka 13."